Piko ya Mirriam

Miaka kumi na tisa nimewapaka hina maharusi wa mji huu, na hakuna aliyewahi kuniambia ua limepinda. Niacheni nijisifu kidogo, maana nitakayoyasema sasa hayana sifa.

Mimi ni Mejumaa wa Majengo. Mwaka jana nilitokwa na uvimbe shingoni, nikaambiwa ni saratani ya tezi. Nikaanza dawa za kudondoshwa mshipani. Baada ya mara ya nne, kucha zikawa nyeusi tititi, viganja vikapiga weusi na kuchunika. Muuguzi alinieleza vizuri: ni hizo dawa, haiambukizi, ngozi itarudi zikiisha. Lakini nimwambie nani? Watu wa hapa ukitaja saratani wanakusomea khitma nawe ungali hai!

Aliyejua alikuwa mmoja tu, shoga yangu Mirriam. Yeye huchanganya hina na piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea maua, na kuziuza kibandani kwake. Mimi napaka. Kila siku ya dawa alifunga kibanda akanisindikiza hospitali, akanipigia porojo mpaka chupa iishe.

Basi Alhamisi moja nikaitwa Mji wa Kale, kwa Bi Fariha, nimpake bintiye anayeolewa. Nilivaa glavu. Koni ya hina ikawa inaniteleza, nikazivua, mjinga mie.

"Bi Mejumaa, mikono hiyo imekuwaje?" akauliza Bi Fariha.

Wanawake chumba kizima wakageuka kunitazama. Bi harusi akavuta mguu wake. Yarabi, aibu ile! Neno likanitoka kabla sijalipima.

"Ni piko, dadangu. Ile ya Mirriam imeniunguza."

Wakashusha pumzi. Wakanipa pole, wakaniletea sharubati. Nami, bila haya, nikainywa yote.

Kufika magharibi habari ilishazunguka kwenye simu za kina mama wote. Wateja wakamrudishia Mirriam pakiti zake, mmoja akamrushia usoni. Kibanda hicho ndicho kinachomlisha yeye na mamake. Wiki nzima hakuuza kitu, na mimi nilijua, nikajifanya naumwa sana nisitoke nje.

Jumatano akaja mwenyewe, na mafuta ya nazi. Akakishika kiganja changu akaanza kukipaka taratibu, machozi yanamtoka.

"Shoga, nani kanichukia hivi?"

Wallahi nilitamani ardhi ipasuke.

"Ni mimi," nikasema. "Niliona haya kusema ninaumwa nini."

Mkono wake ukasimama. Nikachukua simu palepale, mbele yake, nikarekodi sauti yangu nikampelekea Bi Fariha: "Mikono yangu imeharibiwa na dawa za saratani. Piko ya Mirriam haina kosa. Mwongo ni mimi, Mejumaa. Isambazeni hii kama mlivyosambaza ile."

Nikangoja matusi. Ningeyapokea kwa mikono miwili, maana nilistahili. Mirriam alijifuta mafuta kwenye leso, polepole, kidole kimoja kimoja, wala hakuniangalia.

"Ungeniambia tu kwamba unaogopa," akasema. "Ningekwenda mwenyewe kwa Bi Fariha, nikawaambia wote ni piko yangu iliyokuunguza."