Magunia ya Gaudensia

Gaudensia hakuwa mtu wa kubembelezwa. Nimeanika dagaa pembeni yake mwaloni, kando ya ziwa, tangu tukiwa wasichana, na sehemu kubwa ya muda huo tumegombania uchaga wa kuanikia, wateja, hata jua. Ukimpa pole anakuuliza pole ya nini. Mume wake alipofariki alikaa msibani siku alizotakiwa kukaa, kisha akarudi kuchambua dagaa, kichwa kimenyolewa na uso umenuna. Mtoto alikuwa naye mmoja tu, Fredy.

Fredy alipokua, mama yake alimtuma Kongo kupokea mzigo. Dagaa wetu wa Musoma wanaliwa sana kule, na mfanyabiashara asiye na mtu wake upande wa pili anaibiwa mchana kweupe. Kila gunia Gaudensia aliliandika mwenyewe kwa rangi nyeusi, herufi kubwa: GAUDE BWERI MUSOMA. Fredy alikuwa anapokea, anauza, anapiga simu. Akapanga chumba, akazoea, akaanza kuongea kama wenyeji, na mama yake akawa anamcheka kwenye simu.

Kisha askari kutoka nje wakauteka mji aliokuwa anaishi Fredy. Fredy akabaki; alisema barabara zimefungwa na mzigo bado uko stoo. Miezi ikapita. Asubuhi moja redio ikatangaza kwamba vijana wa mji wameinuka, wanapigana na wale askari mtaa kwa mtaa. Siku hiyo simu ya Fredy ilizima na haikuwaka tena.

Kwa ukoo wa mume wake, mtu akifia mbali na mwili usipatikane, wanakata mgomba, wanauvika sanda, wanauzika nyumbani. Lakini mama akiwa hai, lazima yeye aliite jina la marehemu pale kaburini. Asipoliita, ni mgomba tu umefukiwa, na marehemu anaendelea kutangatanga. Kwa hiyo Thadeo, shemeji yake na mkubwa wa ukoo, akawa anakuja kwetu Bweri kutoka Butiama kila mara, bodaboda ya kukodi ikimsubiri nje.

"Shemeji, tumpumzishe kijana."

"Amekwambia amechoka?"

"Simu haipatikani karibu mwaka sasa."

"Kongo kunakuwaga hakuna umeme."

Nilimchukia Thadeo kwa haraka yake, na nilimchukia zaidi kwa sababu nilijua anasema kweli. Gaudensia alikataa Fredy aombewe kanisani kama marehemu. Alikataa pia aombewe kama msafiri. Hatukujua tumweke wapi, na mama yake alikuwa anakonda mbele ya macho yetu huku akigombana na kila mtu kuhusu bei.

Ndipo akaja Benedikta. Alifika mwaloni mchana, binti mwembamba mwenye mfuko mmoja, akiuliza kila uchaga ni wapi anakaa Gaude. Alikuwa amepanga nyumba moja na Fredy kule Kongo. Kama walikuwa zaidi ya majirani hakusema, na mimi sikumuuliza.

"Ndo mimi," Gaudensia alisema, bila kuacha kugeuza dagaa. "Sema."

"Mama, asubuhi ile vijana walifunga barabara yetu. Walitoa meza, milango, gari moja bovu. Fredy alifungua stoo, akavuta magunia yako yote akapanga katikati ya barabara. Wakalala nyuma ya magunia hayo. Bunduki zilikuwa chache, walikuwa wanapokezana."

"Na yeye alishika?"

"Zamu yake ilipofika."

"Nani alimwambia dagaa wanazuiaga risasi?" Aliuliza kwa ile sauti anayomkaripia nayo mchukuzi aliyelowanisha mzigo. "Pale si kwao. Alienda kuuza."

"Tulimwambia, Mama. Alisema amekula kwetu, amelala kwetu, hawezi kufunga mlango wakati wengine wanatoka."

Gaudensia aliacha kugeuza dagaa. Mimi ndiye niliyeuliza binti aliwezaje kutufikia.

"Jina lilikuwa kwenye magunia," alisema. "Alianguka pembeni ya hayo magunia, mbele ya dirisha yangu. Wale askari walikuwa juu ya ghorofa, ukitoka tu wanapiga. Nililala chini pale dirishani, namuona yeye, nasoma GAUDE BWERI MUSOMA. Mchana wote, na kesho yake."

Nililia. Gaudensia hakulia. Aliuliza jambo ambalo sisi sote tulikuwa tunaliogopa.

"Nani alimfumba macho?"

Benedikta alitazama chini. "Hakuna, Mama. Hakuna aliyeweza kumfikia. Yalibaki wazi mpaka watu walipokuja kuwabeba waliokufa na gari."

"Mpigie Thadeo," Gaudensia aliniambia. "Akate mgomba."

Tulizika Jumamosi, Butiama. Katekista alikuwa ametuambia asisikie habari za mgomba, lakini mke wake alikuja na sufuria na akapika na sisi. Thadeo alifanya kila kitu vizuri, siwezi kumsingizia. Kaburi lilikuwa la kimo cha mtu mzima, sanda ilikuwa mpya. Vijana walipoanza kuuteremsha ule mgomba, mawingu yalikuwa yameshafunga.

"Shemeji, ita jina tumalize, mvua hiyo."

"Subiri."

Gaudensia alikaa chini kwenye udongo, akanyoosha miguu, akaonyesha mapaja yake. Vijana walimtazama Thadeo, Thadeo akatazama pembeni, wakaulaza mgomba pale. Gaudensia alifungua sanda upande wa kichwani. Akaweka kiganja juu ya mgomba, mahali ambapo paji la uso lingekuwa, akakiteremsha polepole. Kilipofika mahali pa macho akakituliza hapo, kama inavyofanywa, mpaka kope zikubali. Mvua ilianza na hakuna aliyesogea. Benedikta alipiga magoti karibu yake.

"Fredy," Gaudensia aliita.

Aliinua mkono, akatazama, akaifunga sanda.

"Haya," akawaambia wale vijana. "Mchukueni taratibu."