Walivyolisafisha Banda la Baba

Kaka yangu mkubwa alirudi kutoka semina ya taka za elektroniki akiwa na fulana mpya na maneno mapya. Alikaa ukumbini kwetu, Tibirinzi, akatueleza uchumi mzunguko: kifaa kilichokufa kisitupwe, kifunguliwe, na kilicho kizima ndani yake kipewe kifaa kingine. Nilimsikiliza huku namlisha baba uji, hasira zikinipanda. Hicho anachotufundisha ndicho kilichotulea. Baba alikuwa fundi wa redio. Mtu akishuka kutoka Msuka na redio isiyo na dawa, baba humwambia, "Niachie hapa, itawafaa wenziwe," na spika yake ikaenda kusema kwenye redio ya mtu wa Pujini.

Sasa kiharusi kilikuwa kimempiga. Mkono wa kulia umelala, ulimi umefungika. Kilichobaki kwake ni macho, mkono wa kushoto, na yakini kwamba atarudi bandani kwake kutengeneza redio. Kila asubuhi alitaka sinia la mchele, akiokota punje moja moja kwa ule mkono wa kushoto. Wageni walinong'ona kuwa mzee amerudia utoto. Mimi nilijua anaufundisha kazi.

Haikupita muda kaka akaja na mnunuzi wa vyuma chakavu. Banda, alisema, limejaa taka hatarishi.

"Baba bado anavitaka," nikamwambia.

"Avitakie nini? Mtu hajui hata kinachomtoka, weye wanambia anavitaka."

Aliyasema mlangoni kwa baba, na sauti hakuipunguza. Nilitamani kumzaba kofi, lakini mkubwa ni mkubwa, na ndugu zangu wengine wote walikuwa upande wake.

Mnunuzi alitaka shaba na chuma tu. Kwa hiyo semina iliishia pale pale. Walizipasua redio kwa nyundo, wakang'oa transfoma, wakachoma nyaya nyuma ya nyumba ili plastiki iyeyuke, na sakiti zote wakazimwaga kwenye mikoko. Vifaa vya kazi vilikwenda pamoja na chuma kingine. Hata redio ya chumbani, aliyoiunga baba mwenyewe, waliibeba. Moshi mweusi ukaingia dirishani, baba akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

Kaka akaenda kumpangusa uso kwa upole kabisa. "Jirani achoma taka, Baba. Redio yako n'takuletea mpya. Na banda tumelifunga vizuri, lakungoja weye tu."

Baba akamwitikia kwa kichwa, akamshika mkono. Alimwamini, ni mwanawe wa kwanza. Mimi nikanyamaza, maana niliona heri alee matumaini kuliko asiwe na kitu.

Redio mpya ililetwa kweli, kidude chepesi cha plastiki. Kabla karafuu za msimu ule hazijakauka, kikazima. Nilidhani baba atasikitika, kumbe alifurahi. Toka augue sikuwa nimeuona uso wake umekunjuka vile. Alikigeuza kwa mkono wa kushoto, akazifikia skrubu nyuma kwa ncha ya kidole, kisha akazungusha vidole hewani akinitazama: bisibisi. Akanionyesha banda lilipo, akanihimiza niende.

Nilisimama pale pale.

Akazungusha tena vidole, polepole, kama mimi ndiye nisiyeelewa.

"Bisibisi haipo, Baba," nikasema. "Wala pasi ya kulehemu. Banda ni tupu, vitu vyote vimeuzwa. Ule moshi ulikuwa wa nyaya zako."

Hakulia. Alinitazama mpaka nikaona haya ya kuwa mtoto wake. Halafu akanirudishia redio. Mdomo ukahangaika, ukahangaika, na neno tulilokuwa tukimwomba Mungu amjaalie, la kwanza tangu maradhi yampate, likatoka zito lakini safi.

"Katupe."