Jomrye Aliyeitikia Kila Jina

Kwa miaka mitatu nilimwonea wivu mtu ambaye hakuweza kuhesabu zaidi ya vidole vyake. Aliitwa Jomrye, mke wa mdogo wa mume wangu, na pale kijijini Sokgol hapakuwa na mtoto asiyejua kumwigiza. Ukimtuma chumvi kwa jirani, alirudi na chumvi na kuku wa jirani nyuma yake, kwa kuwa kuku alikuwa anamfuata na yeye aliona vibaya kumfukuza. Wanawake kisimani wakimuuliza mumewe ana umri gani, aliacha ndoo akaenda nyumbani kumuuliza.

Mimi nilikuwa mke wa mtoto wa kwanza. Niliingia nyumba ile nikiwa na miaka kumi na tisa. Mama mkwe akanifundisha kuchachusha soya, kutia kabichi pilipili na kupanga meza ya kuwakumbuka marehemu bila kukosea upande wa samaki. Hakunisifu hata mara moja. Akionja mchuzi wangu alisema, "Haya," basi. Nikawa nangoja. Nilingoja miaka ishirini na miwili.

Kisha akaanza kusahau. Alisahau moto jikoni, akasahau majina ya wajukuu. Asubuhi moja nikimpa uji akaniuliza mimi ni wa nani.

"Ni mimi Wolson, Mama. Mke wa mwanao mkubwa."

Akasema hanijui, akasukuma bakuli. Jomrye akaingia na mikono yake imejaa udongo, na mama mkwe akamwita Punsun, jina la mdogo wake aliyefariki zamani. Jomrye akaitika. Mama mkwe akafungua mdomo akalishwa uji ule ule nilioupika mimi.

Kila alasiri alifunga kifurushi chake na kusema anakwenda kwao, mama yake anamngoja. Mimi nilifunga lango nikamweleza kwa upole kwamba hapa ndipo kwake. Aligonga lango mpaka mikono ikavimba, na majirani wakachungulia. Jomrye yeye alisema, "Nami nakuja. Tunapita wapi?" Akambebea kifurushi, wakashikana mikono, wakapita mashamba ya pilipili mpaka kijitoni. Mama mkwe akishachoka, Jomrye alimrudisha hadi langoni petu na kumwambia, "Miguu inaniuma. Watu wa nyumba hii wanaonekana wema. Tuwaombe tulale hapa, kesho tuendelee."

Mama mkwe alikubali. Aliniinamia kama mgeni na kunishukuru kwa kuwapokea. Nilisimama mlangoni pa jiko langu nikipokea shukrani za mgeni kutoka kwa mwanamke niliyemfulia tangu usichana wangu, na roho iliniuma vibaya sana. Wale wale waliomcheka Jomrye kisimani wakaanza kusema kumbe ana akili zake. Mume wangu naye akaniambia, "Mwachie Jomrye, yeye anamweza." Maneno hayo nililala nayo na kuamka nayo.

Siku ya kutia kabichi chumvi niliwakuta uani wameinamisha vichwa pamoja, wanacheka. Sikujua wanacheka nini. Nikawaendea nikasema, tena kwa sauti ya chini ili mtu yeyote asinilaumu, "Mama, mama yako alishafariki. Ana miaka arobaini kaburini. Hakuna anayekungoja."

Kifurushi kikamdondoka. Akalia kama aliyepewa habari za msiba asubuhi hiyo hiyo. Jomrye hakunigombeza. Alikaa chini palepale kwenye maji ya chumvi, akalia naye, kisha akamuuliza marehemu alikuwa anapenda kupika nini. Mama mkwe akasema kwa kwikwi, uji wa maboga. Jomrye akauliza kama alikuwa anatia maharage. Wakaendelea hivyo, sufuria moja baada ya nyingine, mpaka kilio kikaisha chenyewe.

Jioni tulipokuwa tunaosha visu nikashindwa kujizuia. "Umefurahi sasa? Anakupenda wewe."

Alishangaa kweli. "Mimi? Hanijui, dada. Juzi nilikuwa muuza bata. Leo asubuhi nilikuwa mbwa wao wa zamani."

"Na mbwa ukaitikia?"

"Nikaitikia. Mtu akiita halafu pakawa kimya, anaogopa." Akasugua kisu, akafikiri. "Wewe unataka akuite Wolson. Basi unamwacha anaita peke yake."

Nikachukua kisu kingine. Usiku sikulala vizuri.

Siku ya pili mama mkwe aliponiuliza mimi ni nani, nilimeza jina langu. "Unaniona kama nani?" Akaniangalia sana, akasema mimi ni yule muuza sindano wa ng'ambo ya kijito. Nikasema ndimi. Akanisogezea mkeka, akaanza kunisengenyea wake za wanawe. Mdogo, alisema, mjinga, anamvisha sketi nyuma mbele.

"Na mkubwa?" niliuliza.

Akatazama jikoni kuhakikisha hakuna anayesikia. "Yule mkali. Lakini soya yake inaishinda yangu, tangu mwaka wake wa pili hapa. Nilimwonea wivu, dada yangu. Kila nikionja, neno linanikwama kooni." Akanishika mkono. "Usimwambie."

Nikamwahidi sitamwambia. Nikaenda nyuma ya mitungi ya soya nikalia, na sijui hata leo kama ilikuwa furaha au hasira. Baada ya hapo niliuza sindano nyingi. Siku nyingine nilikuwa shangazi yake, siku nyingine askari aliyekuja kuchukua mchele, na siku hiyo mama mkwe alinipiga kwa ufagio.

Alifariki theluji ilipoanza kuyeyuka. Tulikuwa sote wawili kando yake. Aliita Punsun, na Jomrye akaitikia kabla sijafungua mdomo. Hata saa ile nilimwonea wivu.