Mwitikiaji wa Mzee Korongo

Mara ya kwanza nilimkuta ukingoni mwa bwawa, amekalia mzigo wa matete, ananoa mundu. Walimwita Korongo kwa miguu yake mirefu. Mimi hununua matete ya kutengenezea dari, na yake yalikuwa mafupi, ya pembezoni. Nikataja bei ya chini, kama inavyopasa.

“Hiyo bei umeiokota wapi, mwanangu?”

“Sokoni, mzee.”

“Basi kairudishe, mwenyewe anaitafuta.”

Nikamwambia nataka marefu ya katikati. Akasema atanipa kwa bei yangu ileile, ila niingie naye bwawani nimwitikie.

Wakataji wa pale huingia wawili wawili. Matete yanawazidi kimo, hawaonani. Wa mbele hutaja ardhi aliyoikanyaga. Wa nyuma huitikia neno lilelile, lakini akishapavuka, si kabla. Chepechepe: maji yanaruka chini ya wayo ila chini pagumu, pita. Tingatinga: zulia la majani linaloelea, linayumba kama kitanda kibovu, usisimame. Kinamasi: tope laini linalovuta, zunguka. Mwitikiaji wa Korongo alikuwa mkewe. Homa ilimchukua, na tangu hapo Korongo hakuingia ndani.

“Binti yangu kaniwekea chumba mjini,” aliniambia. “Akinikuta sina kazi, atanibeba. Mwenye kazi habebwi.”

Nikaingia naye msimu mzima. Sikuingia kwa huruma. Matete yale yalikuwa na faida. Jioni alinikaribisha kwake. Kikombe kilikuwa kimoja. Alinipa mimi, yeye akanywea kifuniko cha chupa ya chai, kisha akanyamaza hadi nikaaga. Maneno yake yote alikuwa ameyamaliza bwawani.

Msimu uliofuata kazi zilinizidi, nikamletea kibarua mwenye misuli ashike nafasi yangu.

“Anajua kuitikia?” Korongo akauliza.

“Ana mdomo, mzee.”

“Hata chura anao.”

Kibarua alikuwa na haraka ya kwenda nyumbani. Kila akisikia neno, alilirudisha papo hapo, hata kama bado yuko nyuma anafunga mzigo. “Kinamasi!” “Kinamasi!” Korongo akaendelea mbele, akidhani mwenzake amepita salama. Mwenzake alifika baadaye, neno ameshalisahau, akazama hadi kiunoni. Korongo akarudi kwa kelele zake, akamvuta akamtoa. Kibarua alitoka na tope tu. Korongo alitoka na nyonga iliyoteguka.

Binti akaja na gari la kukodi.

“Wewe ndiye uliyemfanya baba punda?”

“Punda halipwi, dada.”

“Na yeye alilipwa nini? Hiyo bei yako?”

Anayeijua bei habishiwi. Korongo alipakiwa kiti cha nyuma, miguu imekunjwa, mundu umebaki ukutani.

Sasa bwawa liko wazi, yeyote aingie. Haingii mtu, kwani wa mbele aliyebaki alikuwa Korongo peke yake. Vibarua wangu wanakata pembezoni, na marefu yanakaukia katikati, nayaona kwa macho. Wateja wa dari wamehamia kwa wengine.

Nilipokuwa na safari ya mjini nikapitia kwake. Chumba kikavu, sakafu ya saruji, dirisha linatazama ukuta wa jirani. Vikombe sita kabatini. Binti alisema chakula anakula, ila kuzungumza hapana. Nilimweleza habari za soko, akawa anatazama ukuta. Ndipo nikasema, kwa kukosa la kusema:

“Chepechepe.”

Nikaona mguu wake ulio mzima unasogea sakafuni, polepole, unapavuka.

“Chepechepe,” akaitikia.

Nikampeleka njia yote niliyoikumbuka, hadi kwenye matete marefu. Hakuruka neno, wala hakuitikia hata moja kabla ya wakati. Binti alisimama mlangoni na chai mkononi, hajui aingie au asubiri.

Nikarudi bila tete hata moja, na nauli ilikuwa yangu.