Mtu wa Kumi Alikuja Jumanne

Ilianza Jumatatu, saa kumi na nusu ya jioni, wiki ya kwanza ya likizo ya Agosti, mwaka wa hamsini na sita. Nilikuwa nimepiga magoti nikisugua ngazi za kanisa la Wayahudi hapa Nakuru, gari la mzee wa Subukia, mkulima wa kizungu, likaingia uani, likazimika kabla halijasimama vizuri.

Tunaliita kanisa ingawa halina msalaba. Baba ndiye mtunzaji wake. Alitoka kwetu Maragoli kuja kufanya kazi ya reli, akaumia mguu, akapata kazi hii pamoja na chumba cha nyuma. Mimi nasoma bweni, na likizo humsaidia. Wasichana wenzangu wakiniuliza baba anafanya kazi gani, nasema yuko mjini, basi. Si kwamba naona haya. Ni kwamba nikianza kueleza, sauti hunipotea.

Kazi yangu hasa ni ubao wa matangazo. Kila Jumatano asubuhi mama wa duka la vitambaa, ambaye ndiye katibu wao, huleta karatasi aliyoipiga taipu, nami naibandika mlangoni. Ina mambo ya wiki inayokuja: sala ya Ijumaa jioni, darasa la watoto Jumapili, chai ya akina mama, mazoezi ya nyimbo za mwaka wao mpya. Ukiisoma ungedhani wanakuja watu mia. Darasa la watoto lina watoto wawili, tena ndugu, na mmoja hulia kuanzia mwanzo mpaka mwisho akitaka kwenda nyumbani. Lakini mama katibu huandika vilevile kila wiki, na kuwatengea biskuti.

Mstari wa mwisho wa karatasi ya wiki ile ulisema: Jumanne, ukumbusho wa jamaa za mzee wa Subukia, wanaume wote tafadhali wafike. Mama yake na dada zake walibaki Ulaya, wakauawa wakati wa vita. Hakuna aliyemwandikia kumwambia ilikuwa lini. Kwa hiyo alichagua siku mwenyewe, na kila mwaka siku hiyo husimama na kuwasomea sala ya wafu. Sala hiyo haisomwi mpaka wawepo wanaume wazima kumi wa Kiyahudi. Tisa hawatoshi. Na mwaka huu ulikuwa wa mwisho, kila mtu alijua, maana wawili kati yao walikuwa wameuza mashamba yao na mwisho wa mwezi wangeondoka Kenya kabisa. Baada ya hapo, hata wote wakija, kumi hawapatikani.

Mzee alikuja Jumatatu kwa sababu siku yao huingia jua likizama. Jumanne yao huanza Jumatatu jioni. Baba anajua hivyo, nami nimekua nikijua hivyo.

Baba alikuwa amepanga viti kumi mbele, amevifuta mara mbili. Walifika mmoja mmoja, wenye kofia na matope ya shamba kwenye viatu. Mimi nilikaa nyuma karibu na mama katibu aliyekuwa na birika la chai. Mume wake alisimama kuwahesabu. Hawahesabu watu kwa namba, wanasema si vizuri. Husema mstari mmoja wa zaburi wenye maneno kumi, kila mtu neno lake. Nimeusikia tangu nikiwa mdogo, naujua kichwani bila kuelewa hata neno moja. Akasema, akasema, akafika neno la tisa, akanyamaza.

Aliyekosekana ni kijana wa Ndabibi. Alikuwa ameahidi. Wiki iliyopita alipita mjini kutafuta vipuri vya trekta, akasimama mbele ya ubao, akasoma, akamwambia mama katibu atakuja bila kukosa. Bwana mmoja wa Njoro akasema labda amepata mchumba pale Naivasha na amesahau hata jina lake. Wakacheka kidogo. Mzee wa Subukia hakucheka. Alikuwa amewasha mshumaa ndani ya glasi, ule wanaouacha uwake usiku na mchana mpaka ujizimie wenyewe, na alikuwa ameushika mikononi kama mtu anayeota moto.

Nikatumwa barabarani kuangalia. Nikaona lori la pareto, nikaona askari wa kizuizi akikagua vipande vya watu, yaani vitambulisho vyao, sikuona gari lolote la kutoka upande wa Naivasha. Niliporudi jua lilikuwa limeshuka nyuma ya milima ya Mau. Nilitikisa kichwa tu.

Hapo baba akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Alivua kofia, halafu akakumbuka kwamba humu wanaume hawavui, akaivaa tena, akaenda mpaka mbele.

"Bwana," akasema, "mimi nipo."

Mzee wa Subukia aliinua macho kutoka kwenye mshumaa. "Unajua haiwezekani."

"Najua, bwana. Nilitaka tu usikie kwamba yupo aliyesema."

Nililia pale nyuma, na mama katibu akadhani ni mvuke wa birika. Baba amefagia mahali hapa tangu sijaanza shule. Anajua wapi paa linavuja na nani hukohoa sala ikianza. Hahesabiwi. Mama katibu mwenyewe hahesabiwi, kwa kuwa ni mwanamke. Mimi nilikuwa nje ya hesabu kwa pande zote mbili, nikawaza kwamba hata tukijaa mpaka barabarani, watu kama sisi, mzee huyu atabaki amekaa.

Wakasoma yale yanayoweza kusomwa na wachache. Hiyo sala yenyewe wakairuka. Kisha wakaanza kuondoka, kwa sababu ng'ombe hukamuliwa alfajiri na barabara za usiku siku hizi za hali ya hatari si za kuchezea. Mzee akalala kwa mama katibu. Kesho yake alirudi, akakaa peke yake na mshumaa wake mchana kutwa. Nilimpelekea chai, ikapoa.

Jumanne jioni mshumaa ulijizimia. Jua lilikuwa limezama, nami nilikuwa nachukua ndoo ngazini, pikapu ya kijana wa Ndabibi ikaingia. Alikuwa amevaa suti, nywele zimelowa maji, kofia ya marehemu baba yake mkononi. Aliangalia ua mtupu, akafurahi.

"Mimi wa kwanza? Nimewahi?"

Nilitamani mtu mwingine atokee amjibu. Hakutokea.

"Ilikuwa jana, bwana."

"Ubao unasema Jumanne," akasema, bado anatabasamu. Alipelekwa shule za Kiingereza tangu mdogo, na baba yake alikufa kabla ya kumfundisha siku zao huanza lini. Mama katibu naye hakuwaza kuandika jambo ambalo kwake kila mtu alizaliwa akilijua.  Nilimwonyesha mbingu tu, pale palipokuwa na giza, na nikaona uso wake ukielewa polepole.

Mzee akatoka mlangoni na glasi yake. Kijana akaanza kusema atapiga simu, atazunguka mashamba yote, atawaleta usiku huu huu. Mzee akamshika bega, akamwambia hapana. Ndipo mimi, ambaye sijawahi kumuuliza mzungu kitu, nikasikia nasema:

"Bwana, siku hii si uliichagua wewe mwenyewe? Kwa nini isiwe leo?"

Hakukasirika. "Hawana kaburi, mtoto. Wana siku tu. Nikiisogeza, watabaki na nini?"

Akaingia garini. Lilikataa kuwaka, ikabidi kijana yule alisukume na suti yake mpaka barabarani.

Asubuhi ya Jumatano mama katibu alileta karatasi mpya. Sala Ijumaa, darasa Jumapili, chai, nyimbo. Nikaitoa ya zamani, nikabandika hiyo. Pini moja ilipinda, nikatafuta nyingine. Halafu nikaingia ndani kurudisha vile viti kumi stoo. Sijui kwa nini, kila nilipoinua kiti nilitamka neno lake katika ule mstari wa zaburi, polepole, baba asisikie. Nilipofika kiti cha mwisho nilinyamaza, nikakibeba.