Siku tisa za kazi zilivyopatanwa kama bei ya kitenge

Wakuu, heshima kwenu. Ninayosimulia niliyashuhudia mwenyewe. Sijaongeza chumvi, ilikuwamo tayari.

Kwanza mazingira.

Ofisi yetu ipo Kariakoo, ghorofa ya tatu, juu ya maduka ya mabegi. Tulikuwa watu wanne, tukimtengenezea Mama Rukia, muuzaji wa vitenge kwa jumla, programu ya kusimamia stoo yake.

Tulifuata agile, mtindo wa kuunda programu kipande kwa kipande. Mwanzoni mwa kila sprint, yaani kila baada ya wiki mbili, mteja huja, huchagua kazi, nasi hukadiria siku. Vitabu vinasema anayeifanya kazi ndiye anayeikadiria, na makadirio yake hayajadiliwi.

Mimi nilikuwa mgeni, mkataba wangu wa majaribio. Kiongozi wetu, Juma, alikwisha kunionya:

"Huyu mama akiondoka, Mwalimu, na wewe unaondoka naye."

(Waliniita Mwalimu kwa kuwa niliwahi kufundisha chuo.)

Basi Jumatatu moja Mama Rukia akataka ripoti ya mizigo inayoingia. Nilikuwa nimeipima kazi hiyo saa kwa saa.

"Siku tisa," nikasema.

"Nne."

"Mama, ni tisa. Nimezipima."

"Baba, mbona hupunguzi? Tano, ya mwisho."

Nikaanza kumfafanulia kanuni. Akachukua mkoba wake, akatoka.

Juma akanishika bega. "Mwite! Akifika chini hageuki huyo!"

Nikachungulia ngazini. Mama Rukia alikuwa akishuka kidato kimoja kimoja, akiukagua ukuta kana kwamba nao unauzwa.

"Mama, njoo! Saba!"

"Sita," akajibu bila kugeuka, "na kitufe cha kuchapisha unaniwekea nyongeza."

"Haya, chukua."

Kazi ilichukua siku tisa.

Siku ya sita nilimpigia simu kuomba radhi. Akacheka sana.

"Mwanangu, vijana wangu wa stoo niliwaambia siku kumi. Lakini ningeichukua tisa yako vilevile, ningelala nikijua nimepigwa."

Nilichojifunza, wakuu: kitabu kinataka makadirio ya kweli, mteja wa hapa anataka makadirio aliyoyashusha mwenyewe. Ninyi mlio na timu kwingine, mnapatanaje? Nikosoeni bila huruma.

Mkataba wangu ulifanywa wa kudumu. Sprint iliyofuata Mama Rukia alileta kazi ya siku tano.

Nilimtajia kumi na mbili.