Sikubali Kuitwa Dorothy

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, na naikumbuka vizuri kuliko jana. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na saba, nimeketi kwenye benchi la mbao hapa Kabazi, katika kanisa letu ambalo zamani lilikuwa nyumba ya mzungu ya kukaushia pareto, yale maua ya dawa ya wadudu. Tulipachika msalaba, tukapaka chokaa, lakini kuta zilikuwa bado zinanuka pareto. Ukikaa karibu na ukuta unapiga chafya katikati ya maombi, na Mwalimu Ezekieli anakukazia macho hadi unatamani ardhi ikumeze.

Mwalimu Ezekieli ndiye aliyetufundisha katekisimu. Kesho yake mchungaji angefika kutoka Nakuru kutubatiza, kwa hivyo siku hiyo kila mmoja alipaswa kusimama na kutaja jina lake jipya. Jipya, maana yake la Kizungu. Kama hukuwa nalo, yeye alikuchagulia. "Wewe, Margaret. Wewe, Wilson. Wewe hapo nyuma, keti vizuri, Jane." Waligawiwa majina kama sabuni, na hakuna hata mmoja aliyeambiwa lake lina maana gani. Sina ugomvi na akina Jane, tusikosane. Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba Jane ni kusema Mungu ana neema, na hilo ni jambo kubwa. Lakini yule msichana mbona hakuambiwa? Amezeeka akilibeba jina lake kama mzigo wa mtu mwingine.

Zamu yangu ikafika. "Wewe utakuwa Dorothy," akasema.

Dorothy nilimjua. Alikuwa mke wa mzungu aliyekuwa na shamba hili kabla wazee wetu hawajalinunua. Cucu, yaani nyanya yangu mzaa baba, alimchumia pareto miaka mingi, na katika miaka yote hiyo memsabu hakujisumbua kujua anaitwa nani. Wanawake wote wa pareto aliwaita Mary. Akiita Mary, wanainuka wote. Na huyo Cucu ndiye niliyerithi jina lake, maana kwetu msichana wa kwanza huitwa jina la mama ya baba yake. Baba aliniita "maitu", mama yangu, hata siku alizokuwa akinichapa.

Nikasimama. "Mwalimu, mimi naitwa Njoki."

"Hiyo ni jina ya nyumbani. Hapa ni kanisani."

"Mungu ananisikia hata nyumbani."

Wenzangu wakashika vinywa. Mwalimu akavua miwani yake polepole. "Unajua maana yake wewe? Ni jina la maiti. Ni ushenzi mtupu."

Ngoja nikueleze, maana wengi wenu hamjui. Njoki ni aliyerudi. Kabla Injili haijafika kwetu, mtu akizidiwa na ugonjwa alitolewa nje ya boma, akapelekwa msituni, akawashiwa moto kando yake na kuachwa hapo. Watu waliogopa kifo kisiingie nyumbani. Nyanya yake Cucu alitolewa hivyo akiwa bado mwanamwali. Fisi wakamzunguka, moto ukawazuia, homa ikashuka. Watu walikuwa wameshaanza kumlilia walipomwona anakuja kwa miguu yake mwenyewe, anaomba maji. Wakamwita Aliyerudi. Cucu alipozaliwa akapewa jina lake, na kutoka kwa Cucu likanifikia mimi.

Basi nikamjibu Mwalimu mbele ya darasa zima. "Yesu naye alikufa, akarudi. Yake ni Habari Njema, mbona ya nyanya yetu ni ushenzi?"

Ndani ya moyo wangu nilikuwa nasema ile methali ya kunya anye kuku, akinya bata ameharisha, lakini hiyo sikuitamka kanisani. Hata mimi nina mpaka.

"Toka," Mwalimu akasema. "Mpaka ukubali jina la Kikristo, hutabatizwa mikononi mwangu."

Usidhani lilikuwa jambo dogo. Nilimpenda Yesu, mwanangu. Nilikuwa nimemtafuta mwenyewe, sikusukumwa na mtu, na maji yale niliyatamani kama mwenye kiu. Kukosa ubatizo ni kukosa meza ya Bwana, ni kuketi benchi la nyuma na watoto, ni kuozwa kimyakimya bila harusi ya kanisani. Nilitoka nikilia kwa hasira. Lakini jina sikuliacha.

Nyumbani Mama alishika kichwa. Baba, ambaye alichukia kelele, alileta ujanja wake. "Chukua tu hiyo Dorothy, uitumie Jumapili. Siku zingine uwe Njoki."

"Baba, mimi si koti."

Nikaenda kwa Cucu nikijua huko nitapata haki yangu. Nilimkuta nje ya jiko lake akipeta njahi, yale maharagwe yetu meusi. Nikamweleza yote, na pale penye jibu langu nikasimama nikaliigiza na mikono. Alinisikiliza hadi mwisho bila kuacha kupeta.

"Umemaliza kupiga kelele?" akauliza.

"Cucu, nimelitetea jina lako!"

"Kwani lilikuwa linaumwa?" Akaweka ungo chini. "Kurudi kitu gani? Hata ng'ombe hurudi jioni, na hakuna anayewapigia makofi. Nyanya yangu hakusifiwa kwa sababu alirudi. Tangu siku ile, kila aliyetolewa msituni yeye alimfuata na kibuyu cha maji. Alitukanwa, akaambiwa atatuletea kifo. Akaenda tu. Wengine walikufa mikononi mwake, wengine akawarudisha. Ndiyo maana watu walilipenda jina lake wakawapa watoto wao. Sasa wewe umelipigania kama shamba. Utalilima lini?"

Nikauokota ungo, nikapeta njahi zilizobaki. Mimi, na mdomo wangu wote ule!

Maneno yale yalinichoma kuliko ya Mwalimu, kwa sababu nilijua jibu lilipo. Msitu tulikuwa tumeukata tukapanda viazi, lakini watu bado tuliwatoa nje. Mama Ruth alikuwa anaimba kwaya, sauti yake ndiyo iliyotutangulia sisi wote. Alipoanza kukohoa damu, watu wa mumewe walimhamishia kwenye ghala kuukuu la mahindi mwisho wa shamba. Chakula waliweka juu ya jiwe, wakarudi nyuma, wakamwita aje achukue. Kanisani tulimwombea kila Jumapili. Tulimwombea kwa mbali.

Kesho yake, wenzangu wakiwa wamevaa nguo nyeupe wanangoja maji, mimi nilishuka kule kwenye ghala na chupa ya uji. Mama alinikuta njiani. "Ukiingia pale, usije ukaingia kwangu," akasema, na hakuwa anatania. Aliogopa, na alikuwa na sababu ya kuogopa. Nikampita.

Mama Ruth alikuwa amelala juu ya magunia, amebaki macho tu. Aliponiona mlangoni akainua mkono kunifukuza. "Rudi, mtoto. Utakufa."

"Fungua mdomo," nikamwambia. "Uji unapoa."

Kutoka pale tulisikia wimbo wa ubatizo ukipanda kutoka kanisani. Akaanza kulia, na mimi nikalia. Yeye alililia wimbo wake, mimi niliyalilia maji yangu. Tulipomaliza kulia, uji ulikuwa umekwisha.

Uji peke yake haukutosha. Alihitaji hospitali kubwa ya Nakuru, na hakuna mtu wa kwao aliyetaka kumgusa. Jumatatu asubuhi nilimbeba mgongoni hadi barabarani. Alikuwa mwepesi kama mtoto, na hilo lilinitia uchungu. Likaja lori la kabeji. Dereva akamwangalia, akatikisa kichwa. "Huyo mama atanifia kwa gari."

"Akifa nitamshika mimi. Wewe shika usukani."

"Wewe msichana una kiburi."

"Ninacho. Tupakie."

Akatupakia nyuma, juu ya kabeji, nikamfunika na leso yangu. Tulipofika, daktari aliniuliza kwa nini tulimweka muda mrefu hivyo, na sikuweza kumwambia kwamba tulikuwa tunaomba. Alilazwa miezi mingi, sindano kila siku. Nilishuka kumwona kila nilipopata lori. Nami nilipimwa hicho kifua kikuu, Mungu akanihurumia, sikuwa nacho. Usidanganyike ukadhani imani ni kuudharau ugonjwa. Nilimhudumia vile madaktari walivyonifundisha.

Mwaka uliofuata mchungaji alikuja tena kubatiza. Nilikuwa benchi langu la nyuma, nimeshazoea. Ibada haijafika katikati, mlango ukafunguka na Mama Ruth akaingia kwa miguu yake mwenyewe, amenenepa kidogo, amevaa kitambaa cha kwaya. Watu waliinuka kama upepo umewapiga. Mume wake akaficha uso. Yeye hakwenda kwa mumewe wala kwa kwaya. Alikuja nyuma, akanishika mkono, akanivuta hadi mbele.

"Mchungaji," akasema, "huyu mtoto hajabatizwa kwa sababu gani?"

Mwalimu Ezekieli akajibu haraka kwamba msichana ni mkaidi, anang'ang'ania jina la wafu. Mchungaji akaniuliza, "Jina lako ni nani?"

"Njoki."

"Maana yake?"

Kabla sijafungua kinywa, Mama Ruth akajibu. "Nilikuwa nimetupwa, Mchungaji. Kanisa hili lote lilinijua niko wapi. Ni Njoki aliyekuja. Kama hilo si jina la Kikristo, basi na mimi nirudisheni kwenye ghala."

Mchungaji akachota maji. "Njoki," akasema, "nakubatiza." Njoki, bila kitu mbele wala nyuma. Maji yalikuwa baridi ya Kabazi, baridi ya kuuma mifupa, na sijawahi kuguswa na kitu kitamu kama hicho. Mwalimu alikataa kushika beseni. Akaendelea kuniita Dorothy, na mimi nikaendelea kutoitika.

Sasa juzi mjukuu wangu, aliyerithi jina langu, ananipigia simu kutoka Nakuru. "Cucu, niaje. Pasta wetu amesema hiyo jina yetu iko na mapepo ya ukoo, ati ndiyo inanizuia kusonga mbele. Nataka kuichange." Nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha nikakasirika mpaka nikasimama tena. Enyi wahubiri wa vipaza sauti! Jana tuliambiwa jina letu ni la ushenzi, leo ni la mapepo, na kila mara anayesema hivyo ana jingine tayari la kutupatia. Nilimwambia mjukuu wangu, mwulize pasta wako, kuna nani amelala hoi hapo mtaani kwenu, na yeye ameenda kumwona? Debe tupu haliachi kuvuma.

Lakini usiishie kwenye hasira, mwanangu. Mimi nami ningeishia hapo kama si Cucu na ungo wake. Nikwambie Mwalimu Ezekieli alivyokufa. Alizeeka, akapigwa na kiharusi upande mmoja, mke wake akiwa ametangulia na watoto wakiwa miji ya mbali. Watu walipita mlangoni kwake wakisema, "Pole, Mwalimu," wakiendelea na safari. Nilimjua yule mtu. Nilikuwa na sababu zote za kupita pia. Niliingia. Nilimwogesha, nikamgeuza, nikamlisha kwa kijiko.

Na unajua alichosema siku ya kwanza, kwa mdomo wake uliopinda? "Asante, Dorothy."

"Naitwa Njoki, Mwalimu. Fungua mdomo, uji unapoa."

Hivyo hivyo hadi mwisho, yeye Dorothy, mimi Njoki, na bakuli linakwisha. Alikufa bila kunipa jina langu. Sikulihitaji kutoka kwake. Nililitumia kumlisha, nikamfumba macho kwa jina hilo hilo, nikamwimbia wimbo aliotufundisha mwenyewe.

Basi sikia neno langu. Usikubali mtu akuvue jina ulilopewa na waliokupenda, awe mzungu, awe mwalimu, awe pasta mwenye suti inayong'aa. Mkataa kwao ni mtumwa. Bwana alipofufuka alimwita mwanamke aliyekuwa akilia kaburini kwa jina lake la kila siku, naye akamjua. Lakini ukishaling'ang'ania, usiketi juu yake kama kuku asiyetaga. Waulize wazee maana yake wangali hai. Kama wewe ni Nyambura, wa mvua, tafuta aliyekauka. Kama wewe ni Cheptoo, uliyezaliwa wageni wakiwa nyumbani, angalia mlango wako umemfungia nani. Na kama wewe ni Jane, simama na neema yako, uigawe. Jina usilolifanyia kazi hata mwizi hataliiba.

Nenda, mwanangu, na ukaidi wako wote, maana Mungu naye ana kazi na wakaidi. Akuite kwa jina lako mbele ya wanaolidharau, na uitike. Akupe mgongo wa kubeba, mdomo usionyamazishwa, na mkono usioogopa kushika kijiko. Na siku watakayokutoa nje ya boma, Yeye awe moto kando yako mpaka asubuhi.